Gari la Mwaka Ulaya 2010, leo linatafutiwa mnunuzi Sengerema: mdogo wangu ananunua gari au ananunua tuzo?

#1 Mwana_Igoma

Wakuu, mwangaluka.

Nina jambo linanikosesha usingizi na nimeona nililete hapa, maana humu kuna watu wanaoyajua magari kuliko madalali wa mji mzima.

Mdogo wangu ni mwalimu Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anasema hana tena sababu ya kukaa bila gari. Kilichokuwa kinamkatisha tamaa ni kusubiri kivuko. Amejinyima miaka mitano. Wiki iliyopita akanitumia picha ya Volkswagen Polo ya mwaka 2011 kutoka Japani, nyeupe, safi mno, na bei yake iko chini ya Toyota IST nyingi tulizoziona. Chini ya picha ameandika: "Kaka, hii ilikuwa Gari la Mwaka Ulaya 2010 na Gari la Mwaka la Dunia 2010. IST imeshinda nini?"

Nikakosa jibu. Alichosema ni kweli, Polo ya toleo lile ilizoa tuzo zote mbili mwaka mmoja. Nikaanza kusoma kila usiku baada ya kufunga duka, na nilichokiona kimenifanya niandike.

Tuzo ya Gari la Mwaka Ulaya ilianza 1964, mshindi wa kwanza akiwa Rover 2000. Majaji ni waandishi wa habari za magari wa nchi mbalimbali za Ulaya. Wanapewa gari jipya, bado linanuka kiwandani. Wanaliendesha, wanapima ubunifu wake, usalama, starehe, matumizi ya mafuta na kama bei inalingana na kilichomo. Wanaifanya kazi yao vizuri, siwadharau hata kidogo. Lakini hakuna jaji anayekabidhiwa gari lililotembea kilomita 140,000, mmiliki wa tatu, oili haijulikani ilibadilishwa lini, akaambiwa alitoe Buhongwa alifikishe Geita na watu watano ndani. Sisi tunakutana na gari pale ambapo wao walishalisahau.

Mifano ipo mingi. Marekani mwaka 1971 jarida la Motor Trend liliipa tuzo Chevrolet Vega. Injini yake ilikuwa na bloku ya aluminiamu isiyo na sleeve za chuma ndani ya silinda. Ikichemsha, silinda zinaharibika na oili inaliwa, na bodi nayo ikaja kusifika kwa kuoza kwa kutu. Ukija karibu zaidi, angalia tuzo za injini. Ford EcoBoost ya lita 1.0 ilikuwa Injini ya Mwaka ya Kimataifa 2012, 2013 na 2014, miaka mitatu mfululizo. PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën ilishinda daraja lake kuanzia 2015 hadi 2018. Leo hizo mbili zinatajwa kila mahali kwa sababu ya mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini, unaozunguka ndani ya oili. Mwaka 2024 Stellantis, wenye Peugeot na Citroën, walilazimika kurefusha dhamana ya PureTech hadi miaka 10 au kilomita 175,000.

Naombeni mnisaidie kwa hili. Tuzo ina uzito gani kwa mtu anayenunua gari la miaka kumi na tano, akaishi nalo Kanda ya Ziwa? Mdogo wangu ni msomi, hataki kuambiwa tu "nunua Toyota". Anataka sababu.

#2 FundiNyakato

Mwana_Igoma, umeuliza swali la kiume. Nimeshika spana miaka ishirini na mbili, nitajibu upande wangu wa chini ya gari.

Kwanza huo mkanda. Zamani mkanda wa taimingi ulikaa nje, mkavu, unaufungua kava unauona. Wahandisi wakauingiza ndani ya oili ili usisuguane sana, injini ibane mafuta. Kwenye karatasi ni jambo zuri kabisa na ndiyo maana majaji walifurahi. Sasa oili ikikaa muda mrefu, au ikiwa si daraja lililoandikwa, petroli na tindikali zinazoingia humo zinaulainisha mkanda. Unaanza kumeguka vipande vidogo kama uji wa lami. Vile vipande vinashuka hadi chujio la pampu ya oili na kuliziba. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, wengi wanadhani oili imepungua, wanaongeza. Injini inanoki ikiwa imejaa oili hadi shingoni.

Unaona ujanja wa jambo hili? Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa tatu huoni kitu. Jaji angewezaje kuliona?

Pili, hiyo Polo. Wala si injini itakayonitia wasiwasi kwanza. Nyingi zilizouzwa Japani wakati ule zina TSI, injini ya petroli yenye tabo, ya lita 1.2 na giaboksi ya DSG ya gia saba, ile ya klachi mbili kavu. Mwaka 2013 Volkswagen waliyaita yarudi kurekebishwa magari kama milioni 1.6 duniani kwa ajili ya giaboksi hiyo. Oili ya sintetiki iliyokuwa humo, kwenye joto na unyevunyevu na foleni za kusimama na kuondoka, ilikuwa inaleta shoti ya umeme kwenye kitengo kinachoiendesha giaboksi. Dawa ilikuwa kubadili na kuweka oili ya madini. Joto na unyevunyevu, wakuu. Hapo ni kama wameielezea Mwanza kuanzia Oktoba.

Sisemi haifai. Nasema swali la kwanza ni moja: hilo gari mahususi, oili hiyo ilibadilishwa au haikubadilishwa? Kama dalali hajui, basi anauza picha.

#3 Kapripointi

Nimesoma kwa makini, na naomba kuwa upande wa mwalimu kidogo, maana nyuzi za humu zikishaanza hivi huishia kwenye kuwazika Wajerumani wote kaburi moja.

Natumia gari la Ulaya mwaka wa tisa sasa. Kampuni sitaitaja kwa sababu sitaki uzi uhame. Limeniangusha mara mbili tu, mara moja ni pampu ya maji, mara moja sensa ya krenki, zote njiani kati ya Magu na Bunda. Siri yake ni hii: nilipolileta nilibadilisha oili zote, ya injini, ya giaboksi, ya breki, na maji ya rejeta, kabla sijalitembeza hata kilomita mia. Na tangu siku hiyo oili ya injini naibadilisha kila kilomita 5,000 hata kama kitabu kinaniruhusu 15,000. Kitabu kile kiliandikwa kwa barabara na petroli ya watu wengine.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa "imara" huwa wanalipita kimya: usalama. Shinikizo la tuzo na majaribio ya ajali limeokoa maisha ya watu. Euro NCAP, wale wanaogongesha magari kupima usalama, walipoanza mwaka 1997 Rover 100 ilipata nyota moja, na aibu ile ilibadilisha namna Ulaya nzima ilivyokuwa ikitengeneza magari madogo. Polo ya 2009 ilipata nyota tano. Mwalimu atakuwa anapishana na malori kati ya Usagara na Busisi, usiku, mvua inanyesha. Gari lisilokufa injini lakini linalokunjika kama bati halijanisaidia kitu mimi baba wa watoto watatu.

Kwa hiyo tusiipime tuzo kwa jicho moja.

#4 MamaDagaa_Mwaloni

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Mimi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba na nina Probox mbili. Sijui injini ya taimingi inakaa wapi. Ninachojua ni hiki. Gari likilala siku moja, mzigo wa Lamadi haujaenda, mteja ananunua kwa mwingine, na kesho harudi kwangu. Kwa hiyo mimi imara naipima kwa swali moja: likiharibika Nassa saa kumi na mbili jioni, kuna fundi pale na kuna spea pale? Kwa Probox jibu ni ndiyo. Hata duka la baiskeli utakuta plagi zake.

Kijana wangu wa chuo ameniangalizia, Probox haimo kwenye orodha ya washindi wa Gari la Mwaka la Japani. Mwaka ilipotoka, 2002, ilishinda Honda Accord. Hizo Accord ngapi mnaziona Kirumba leo?

Mwalimu asichukie. Anunue gari ambalo hata mimi nikimkuta amekwama njiani naweza kumpigia mtu wa kumsaidia.

#5 Nyamhongolo

Uzi mzuri. Naongezea kipande kinachokosekana, maana tunachanganya vitu vitatu na vyote vinaitwa "tuzo".

Kuna tuzo za majaji, hizo Mwana_Igoma amezieleza. Kuna tuzo za kura za watu. Na kuna takwimu za uimara. Hizo za katikati ndizo dhaifu kuliko zote. Mwaka 2014 chama cha magari cha Ujerumani, ADAC, chenye mamilioni ya wanachama na kinachoheshimika kule kama serikali ndogo, kilitangaza gari linalopendwa zaidi na Wajerumani: Golf, kura 34,299. Magazeti yakachimba. Kura halisi zilikuwa 3,409. Mkuu wa mawasiliano akakiri na kuondoka, na rais wa chama naye akajiuzulu mwezi uliofuata. Inaniuma kwa sababu ADAC hiyohiyo ina kazi moja ya maana sana: magari yake ya msaada yanaitwa barabarani kila siku, na wanahesabu ni gari gani limekwama na kwa sababu gani. Hiyo hesabu ina thamani kuliko kura yoyote.

Upande wa takwimu, jina kubwa ni J.D. Power wa Marekani, waliopo tangu 1968. Wana utafiti wa siku 90 za mwanzo na utafiti mwingine wa magari yaliyofikisha miaka mitatu, wanahesabu matatizo kwa kila magari 100. Lexus imekuwa juu mara nyingi. Lakini soma wanachokiita tatizo: simu kukataa kuungana na redio ni tatizo, skrini kuwa ngumu kutumia ni tatizo, na injini kufa ni tatizo. Vyote vinaingia kwenye hesabu. Mtu akikuambia kampuni fulani imeshika mkia, muulize imeshika mkia kwa redio au kwa giaboksi. Na ukiona kampuni inatangaza ushindi wake wa J.D. Power kwenye tangazo, jua imelipia ruhusa ya kutumia jina hilo. Consumer Reports, waliopo tangu 1936, wamekataa njia hiyo. Hawachukui matangazo, magari ya kupima wanayanunua wenyewe dukani kama mteja wa kawaida, na takwimu za uimara wanazipata kwa kuwauliza wanachama wao.

Kinachokaribiana na maisha yetu ni ripoti ya TÜV, wakaguzi wa magari wa Ujerumani. Ujerumani gari linakaguliwa kwa lazima, mara ya kwanza likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. TÜV wanatoa asilimia ya yaliyofeli kwa kila toleo, kwa makundi ya umri, hadi ya miaka kumi na zaidi. Hapo angalau unaliona gari likiwa zee. Ila nao wanaangalia breki, taa, matairi, kutu, moshi na uchezaji wa stelingi. Giaboksi inayoanza kugongagonga, ikiwa bado inasukuma gari, inapita.

#6 Kigongo_Busisi

Mimi ni dereva wa mchomoko, gari dogo la abiria, Mwanza–Sengerema–Geita, kwa hiyo hiyo barabara ya mwalimu ndiyo ofisi yangu.

Naomba niseme kuhusu ukatili tunaowafanyia magari wenyewe, halafu tunalaumu kiwanda. Gari likichemsha mara moja tu, kuna mafundi kitu cha kwanza wanang'oa themostati na kuitupa. Gari linaacha kuchemsha kweli. Lakini injini sasa haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inamwaga petroli nyingi. Mwenye gari anaanza kulalamika linakunywa mafuta. Kisha rejeta inajazwa maji ya ziwa kwenye dumu, hakuna kulanti, ndani kunaota kutu, mirija inaziba, linachemsha tena, safari hii kichwa kinapinda. Hakuna tuzo wala jina la Kijapani litakalovumilia hayo.

Jingine. Giaboksi za CVT, zile zisizo na gia za kuhesabika, nimeshuhudia zikiwekewa oili ya kawaida ya otomatiki kwa sababu "zote ni nyekundu". Nissan wenyewe kule Marekani walirefusha dhamana ya CVT za 2003 hadi 2010 zikafika miaka 10, kwa hiyo udhaifu wa kiwanda upo, sikatai. Ila ukiongezea na oili isiyo yake umelizika gari kabla ya siku yake.

Na kuhusu tuzo za injini: injini ndogo ya Toyota Passo, ile 1KR-FE ya silinda tatu, ilishinda daraja la chini ya lita moja mwaka 2007 hadi 2010. Ni injini nzuri na inanusa mafuta tu. Lakini ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita elfu moja. Ipakie watu watano, washa kiyoyozi, upande kilima cha Bugando. Walioipa tuzo hawakuipandisha Bugando.

#7 Ticha_Sengerema

Kaka, shikamoo. Nimeuona uzi. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenionyesha stafu.

Sijachukia. Ila naomba nisikilizwe na mimi, kwa sababu mnazungumza kama vile nimedanganywa na picha.

Mimi najua tuzo ni ya gari jipya. Nafundisha fizikia. Lakini ninyi mnaposema "nunua linalonunuliwa na wote", mnanipa hoja ya mafuriko, kwamba maji yanaelekea kule nami nielekee kule. IST moja niliyoiona Nyegezi ilikuwa imerudishwa kilomita mpaka aibu, pedali ya breki imeisha raba na dashibodi inasoma 62,000. Na bado ilikuwa ghali kuliko Polo. Kwa hiyo ninapolipa zaidi kwa jina, je, na mimi sinunui tuzo? Tuzo ya mtaa tu, badala ya tuzo ya majaji.

La pili. Toyota Vitz ya kwanza ilikuwa Gari la Mwaka la Japani 1999–2000, na kwa jina la Yaris ikawa Gari la Mwaka Ulaya 2000. Mpaka leo zinatembea hapa Sengerema, ile ile ya macho ya mviringo aliyoichora Mgiriki Sotiris Kovos. Majaji wa mabara mawili walisema ni gari zuri na miaka ishirini na zaidi baadaye wamethibitika. Kama tuzo haina maana, hiyo mnaielezaje?

La tatu nalisema kwa heshima. Mwalimu akinunua kitu, kila mtu ana maoni. Nimeweka akiba yangu shilingi kwa shilingi. Nataka nichague kwa akili yangu, na nikikosea nijue nimekosea wapi.

#8 Mwana_Igoma

Marahaba mdogo wangu. Nakuomba radhi kwa kuliweka jambo lako hadharani kabla ya kukuambia. Nilipaswa kukupigia kwanza.

Hoja ya Vitz nimeipenda na imenifanya nirudi nyuma. Nadhani jibu ni hili. Vitz ilishinda kwa sababu ilikuwa ya kisasa kwa umbo na nafasi, lakini mitambo yake ilikuwa rahisi. Injini ya kawaida, petroli inapulizwa kwenye manifoldi, cheni ya taimingi, hakuna tabo, otomatiki ya gia nne. Ubunifu ulikuwa kwenye kuchora gari dogo lililo kubwa ndani. Polo ya 2010 na zile injini za Ford na Peugeot, sehemu kubwa ya kilichopewa tuzo ni teknolojia yenyewe: tabo ndogo, klachi mbili, mkanda wa ndani ya oili. Majaji wanapenda kitu kipya, ni haki yao. Ila kitu kipya ndicho kitu ambacho bado hakijazeeka, na uzee wake unakuja kuonekana mikononi mwetu, Dar iko zaidi ya kilomita 1,100 na spea inakuja kwa basi la usiku.

Kwa hiyo sasa nikisoma tuzo, siangalii tena nani kashinda. Naangalia kashinda kwa nini. Hilo ulilonifundisha wewe, mimi sikuwa nalo nilipoandika post ya kwanza.

#9 Nyamhongolo

Ticha kaongea, na nampa haki kwenye "tuzo ya mtaa". Jina la Toyota hapa limekuwa kama dini, na dini ya gari inaponza.

Desemba 2023 Daihatsu, kampuni ambayo Toyota inaimiliki yote tangu 2016, ilisimamisha kusafirisha magari yake yote baada ya uchunguzi kukuta udanganyifu kwenye vipimo vya usalama, matoleo 64, mengine yakiwa na nembo ya Toyota. Kisa cha zamani kabisa kilikuwa cha 1989. Passo zetu zilitengenezwa na Daihatsu. Sisemi Passo ni mbovu, nimepanda nyingi. Nasema aliyeweka muhuri alighushi baadhi ya mitihani, na sisi tulikuwa tunaapa kwa muhuri.

Na kwa uwiano, Volkswagen nao. Jetta TDI ya dizeli ilikuwa Gari la Kijani la Mwaka, yaani rafiki wa mazingira, 2009 Marekani, Audi A3 TDI ikafuata 2010. Mwaka 2015 ilipobainika programu ya injini ilikuwa inadanganya vipimo vya moshi, tuzo zote mbili zilinyang'anywa. Miaka mitano na zaidi zilikaa kwenye matangazo.

#10 Kapripointi

Hapo sina ubishi. Nitetee jambo moja tu: hilo halikuwa tatizo la kuharibika, gari liliendelea kutembea vizuri. Uaminifu wa kampuni na uimara wa chuma ni mizani miwili tofauti. Mimi ningependa vyote viwili.

Mwalimu, ukiichukua hiyo Polo nitakupa bure mashine yangu ya kusoma kompyuta ya gari. Ukichukua IST pia nitakupa.

#11 FundiNyakato

Mwalimu, nimependa unavyouliza. Sasa tuache majina twende kwenye gari lenyewe, kwa sababu mimi sijawahi kutengeneza "Volkswagen" wala "Toyota". Huwa naletewa gari moja la mtu mmoja.

Mwombe dalali namba ya chesisi na karatasi ya mnada ya Japani. Karatasi ile ina alama ya gari, ina mchoro wa bodi wenye mikwaruzo yote, na ina kilomita zilizosomwa siku ya mnada. Kilomita za karatasi zikipishana na za dashibodi, hapo mazungumzo yameisha. Ukiona alama ya R au RA, gari liligongwa likatengenezwa, linaweza kuwa zuri lakini bei yake iwe ya gari lililogongwa.

Kisha lilete hapa tulinyanyue. Watu wa Mwanza wananiuliza kama ziwa linaozesha magari. Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi. Kutu ninayoikuta chini ya magari mara nyingi imesafiri nayo kutoka Japani, kule kaskazini, Hokkaido na Niigata, wanamwaga chumvi barabarani kipindi cha theluji. Juu gari linang'aa kama kioo, chini fremu inaanguka kwa kidole. Kidogo sana naikuta kwenye magari ya dagaa, Mama Dagaa anisamehe, ile chumvi ya samaki ikishuka kwenye sakafu kila siku nayo inakula.

DSG nitaisikiliza ikiwa baridi, asubuhi, kabla haijawashwa na mtu. Nitaiweka kwenye D na kuiacha itambae yenyewe. Ikitetemeka kwenye gia ya kwanza na ya pili, klachi zimechoka. Mashine itanionyesha pia klachi zimebaki na nafasi kiasi gani. Injini nitaisikiliza sekunde tano za mwanzo, cheni iliyorefuka inalia kama mnyororo wa baiskeli kisha inanyamaza. Ukija saa sita mchana gari limeshapashwa moto, hutasikia kitu, na dalali anayejua kazi yake atahakikisha unaliona saa sita mchana.

Kwa gari lolote. Hata kama ni IST, hata kama ni ya askofu.

#12 Kigongo_Busisi

Fundi, hiyo ya "saa sita mchana" nimeinakili kwenye simu.

Ticha, na jambo moja la hesabu. Chochote utakachonunua, usimalize fedha yote kwenye kununua. Bakiza ya oili zote, matairi mawili, betri na bima. Nimewaona wengi wananunua gari Ijumaa, Jumatatu limeegeshwa nyuma ya nyumba linasubiri mshahara.

#13 Ticha_Sengerema

Asanteni sana, kwa dhati. Nimekaa na daftari tangu jana.

Nimempigia dalali. Nimemuuliza kuhusu kuitwa kwa giaboksi mwaka 2013. Hakuwahi kusikia, lakini hakunikasirikia, amesema atamuuliza aliyeliingiza. Nimeomba namba ya chesisi na karatasi ya mnada, nimempa hadi Ijumaa jioni. Karatasi ikija na ikawa safi, namwomba gari likae Nyakato kwa FundiNyakato usiku wa Ijumaa, lilale pale, ili Jumamosi asubuhi liwashwe likiwa baridi. Karatasi isipokuja, kuna Vitz ya mwaka 2008 ya mkuu wa shule mstaafu hapa Sengerema. Yeye ndiye mmiliki wa kwanza hapa nchini, na ana daftari la kila oili aliyobadilisha, kwa mkono wake, kwa wino wa bluu. Jana nilipoomba kuliangalia alilitoa kabla hajanionyesha gari.

Kaka, sijui kama kuna tuzo ya mwenye gari wa mwaka, lakini lile daftari limenigusa kuliko picha zote.

Shida ni usafiri wa Jumamosi. Nikisubiri gari la kwanza nitafika Fundi ameshaanza kazi nyingine.

#14 MamaDagaa_Mwaloni

Mwalimu, Jumamosi narudi kutoka Geita alfajiri, gari tupu. Napita stendi ya Sengerema saa kumi na moja kasoro. Simama upande wa kituo cha mafuta, nitawasha taa mara mbili. Ukikubali kukaa mbele na kikapu cha nyanya miguuni, saa mbili kasorobo uko Nyakato.

#15 FundiNyakato

Nitafungua geti saa moja na nusu. Mtu asiwashe hilo gari kabla mwalimu hajafika.